Darasa la Jumamosi la Imani na Sheria hapa Ganjoni: nendeni mkasikie habari za Olaus Petri

Nianze na jibu kabisa manake najua wengi wenu mtasoma mistari miwili mkimbie: hili darasa lina thamani ya pesa yake, nendeni. Sa kwa mwenye muda nieleze ni kwa nini.

Ni kozi fupi ya Jumamosi mchana kwenye ukumbi wa kanisa moja hapa Ganjoni, Mombasa, anaifundisha mama mmoja wakili mstaafu, sisi sote twamwita Mwalimu tu, na bango lake limebandikwa kwa wale watu wa fotokopi karibu na Treasury Square limeandikwa Imani ya Mtu wa Sheria, basi. Si semina ya mahubiri, hakuna kuitwa mbele kuombewa wala kapu kupitishwa mwisho, na pia si yale mafunzo ya chuo ya kulaza watu usingizi. Mi ni karani wa wakili, kazi yangu ni mafaili na foleni pale kortini, na nimeona watu wakishika Biblia na wengine Msahafu asubuhi na mapema wakaapa vizuri kabisa na kabla ya saa nne ushamsikia mtu anadanganya waziwazi mbele ya hakimu, kwa hivyo hili swali la imani inamfanyia nini hasa mtu wa sheria, inamzuia ama inampa tu maneno matamu ya kujifunikia, kwangu mimi si swali la kupitisha wakati.

Mtu mwenyewe anayefundishwa ni Olaus Petri, Mswidi, mtoto wa mhunzi, kazaliwa Örebro mwaka 1493 na kafia Stockholm 1552. Alikuwa mhubiri, karani wa baraza la jiji la Stockholm, chansela wa mfalme, yaani mkuu wa ofisi yake ya maandishi, mwandishi wa historia ya nchi yake na mtu wa sheria, yote hayo mtu mmoja. Na sababu ya Mwalimu kumchagua yeye ni hii: kile kitabu kikubwa cha sheria za Uswidi ambacho mawakili na mahakimu wao wanakitumia mpaka leo, mwanzoni kabisa kabla hujafika kwenye sheria yenyewe, kuna kanuni za mahakimu, na kanuni hizo zinahesabiwa kuwa ni za kalamu yake. Hazijawahi kuwa sheria rasmi. Hakuna bunge lililozipitisha. Lakini tangu miaka ya 1600 zinachapishwa pale mbele, na Finland nao wanazo kwenye kitabu chao manake walikuwa chini ya Uswidi mpaka 1809. Sa hebu fikiria, nchi ambayo leo watu wengi hawana habari na kanisa, lakini kitabu chao cha sheria kinafunguliwa na mtu wa Mungu anayemwambia hakimu kwamba kiti alichokalia si chake, ni cha Mungu, yeye kawekwa tu. Mimi hapo nlikuwa nshakamatika.

Kitu kimoja kizuri sana ni vile Mwalimu anavyopanga tarehe. Hakuambii karne ya kumi na sita halafu akuache unaelea. Anaweka Mombasa pembeni kila wakati: Mreno Vasco da Gama anatia nanga hapa 1498, Olaus ana miaka mitano anamwangalia babake akifua chuma, Mreno mwingine, Almeida, anakuja kuuchoma huu mji 1505, Olaus ni kijana mdogo, Nuno da Cunha, Mreno pia, anauteka tena 1528, na hapo ni miaka miwili tu baada ya Agano Jipya la kwanza la Kiswidi kutoka mwaka 1526, ambalo Olaus anahesabiwa kuwa mmoja wa waliolifanya. Fort Jesus ilipoanza kujengwa 1593 yeye keshakufa zamani. Na ilipokamilika 1596 ndio mwaka aliozaliwa Johan Stiernhöök, ambaye Waswidi wanamwita baba wa taaluma ya sheria yao, yule aliyeandika historia ya sheria zao za kale ikatoka 1672. Ukipangiwa hivyo huwezi kusahau tena.

Na haogopi maswali. Kuna mzee mmoja wa Kibokoni, alikuwa karani korti ya kadhi kabla hajastaafu, mtu wa kanzu safi na maneno machache, siku ya kwanza tu akainua mkono akasema, "Mwalimu, hao waliotuchomea mji si walikuwa na misalaba kwenye matanga?" Ukumbi ukanyamaza. Mwalimu akamjibu, "Naam Mzee wangu, walikuwa nayo, na tusipoanza na hilo tutadanganyana mpaka mwisho." Mzee akatikisa kichwa akafungua daftari lake. Kutoka hapo hakukosa hata siku moja.

Sehemu ambayo mimi naona inabeba kozi nzima ni mwaka 1520. Olaus alikuwa amerudi kutoka masomoni Wittenberg, ndiyo, Wittenberg ya Luther, yule Mjerumani aliyeanzisha mageuzi ya kanisa, alikuwa huko wakati mambo yanaanza 1517, akawa anafanya kazi kwa askofu wa Strängnäs huko Uswidi. Novemba 1520 mfalme Christian wa pili wa Denmark kauteka Uswidi, kafanya sherehe Stockholm, watu wamealikwa wamekula wamekunywa, halafu milango ikafungwa. Jopo la viongozi wa kanisa likakaa na kuamua kwamba waliompinga askofu mkuu wa Uswidi ni wazushi wa dini, na siku hiyohiyo watu wakaanza kukatwa vichwa uwanjani, zaidi ya themanini kwa jumla. Askofu wa Olaus, Mattias, naye akakatwa. Olaus mwenyewe alikuwa mjini na akaponea. Yaani huyu kijana wa miaka 27 aliona kwa macho yake kesi ikiendeshwa kwa jina la Mungu, hukumu ikitoka asubuhi na damu ikimwagika kabla jua halijazama. Mimi naamini, na haya ni yangu mimi si ya Mwalimu, kwamba ukizisoma zile kanuni zake ukijua hilo, utaona hazikuandikwa na mtu aliyekaa kwenye kiti kizuri akiwaza mambo mema tu, ziliandikwa na mtu aliyeona hakimu mbaya anaweza kufanya nini akiwa na Biblia mkononi.

Sa zile kanuni. Mwalimu ametupa kwa Kiswahili, kazitafsiri mwenyewe, karatasi chache zimebanwa pamoja. Ya kwanza ndio hio nimesema, hakimu akumbuke kwamba yeye ni mtumishi wa Mungu na hukumu anayoitoa ni ya Mungu, kwa hivyo akihukumu vibaya amemsingizia Mungu na hukumu itamrudia yeye mwenyewe. Kuna ile inayosema hakimu mwema ni bora kuliko sheria njema, manake sheria ikiwa njema na hakimu mbaya ataipinda tu na ikiwa mbovu mwema atailainisha. Kuna ile inayosema jambo ambalo si la haki na si la busara haliwezi kuwa sheria. Faida ya mwananchi wa kawaida ndio sheria iliyo juu. Sheria ikishikwa kwa ukali uliopitiliza inageuka dhuluma. Hakimu awe mwepesi wa kuinua kuliko kuangusha. Na ile ambayo mimi niliipigia mstari kwa kalamu nyekundu: adhabu iwe ya kumrekebisha mtu, isiwe adhabu inayomziba njia ya kurekebika, manake ukimvunjia mtu heshima mbele za watu mpaka hana cha kupoteza, umemtengeneza awe mbaya kuliko alivyokuja.

Hio ya mwisho tuliijadili mpaka chai ikapoa. Wale tunaofanya kazi pale kortini tunawajua vijana wanaoletwa Jumatatu asubuhi, wametoka seli, viatu hawana kamba, makosa yenyewe mengine ni madogo ya kuona huruma, na ukimwona huyohuyo baada ya mwaka anarudi kwa kosa kubwa unajua ni wapi alipovunjika. Dada mmoja anayefanya kazi na wafungwa akasema hio kanuni angependa ibandikwe kila mahali. Mtu wa miaka mia tano iliyopita, tena kutoka nchi ya barafu, anasema kitu ambacho huyu dada anakipigania kila siku hapa Pwani.

Mzee wa Kibokoni naye akaleta lake, akatukumbusha ile hadithi ya Mtume kwamba makadhi ni watatu, mmoja peponi na wawili motoni, yule aliyeijua haki akahukumu kwayo ndiye wa peponi, aliyeijua akaipotosha na aliyehukumu kwa ujinga wote motoni. Mwalimu akamwambia asome tena polepole tuandike. Halafu akafungua Kumbukumbu la Torati sura ya kwanza pale Musa anapowaambia waamuzi wasiogope uso wa mtu kwa kuwa hukumu ni ya Mungu, akaweka hadithi, Torati na kanuni ya Mswidi pamoja ubaoni na akatuacha tutazame. Hakusema sasa mnaona dini zote ni sawa, wala hakuanza kushindanisha. Hapo ndipo nilipomheshimu kweli.

Halafu kuna kijana wakili, ndio kwanza ameapishwa, ana Katiba kwenye simu, akasema, "Mwalimu samahani, lakini ibara ya 159 inasema mamlaka ya mahakama yanatoka kwa wananchi, sa kiti ni cha nani, cha Mungu ama cha wananchi?" Swali zuri jamani. Pasta mmoja akaruka kujibu na akatuchukulia muda mrefu kwelikweli, nitarudi kwake. Mwalimu alipopata nafasi alisema, "Mwanangu, angalia zote mbili zinamwambia hakimu neno gani. Zinamwambia si chako." Akaendelea kutuonyesha kwamba ibara hiyohiyo inataka haki itendeke bila kujali kupita kiasi mambo ya utaratibu, na isicheleweshwe, akaiweka pembeni ya ile ya ukali wa sheria kugeuka dhuluma. Kijana akaandika. Mi nliwaza mafaili ninayoyajua, yale yaliyotupwa kwa sababu ya fomu moja na mwenye haki akaenda nyumbani kulia.

Lakini jamani somo la kesi yake mwenyewe. Hapo ndio usikose, hata kama utakosa mengine yote.

Olaus hakuwa kipenzi cha mfalme muda mrefu. Gustav Vasa, mfalme wa Uswidi wakati huo, alimhitaji mwanzoni manake mageuzi ya kanisa yalimsaidia kuchukua mali ya kanisa, alimfanya chansela 1531 lakini ikadumu miaka miwili tu. Shida ya Olaus ni mdomo. Aprili 1535 mbingu ya Stockholm ilionekana na maduara ya nuru kuzunguka jua, yeye akaagiza ichorwe na kuwekwa kanisani Storkyrkan na akahubiri kwamba ni onyo, mfalme akahisi anasemwa yeye. 1539 akachapisha mahubiri ya kukemea viapo na matusi ya ovyoovyo na jinsi wakubwa wanavyoonyesha mfano mbaya, mfalme akahisi anasemwa tena, na pengine alikuwa na haki ya kuhisi hivyo! Na ile historia ya nchi aliyokuwa anaiandika haikumpamba mfalme vile alivyotaka apambwe, wala haikuwapaka Waswidi sifa za uongo za kale. Kwa hivyo mwaka 1539 ukigeuka kuwa 1540, akashtakiwa. Shtaka lililokuwa zito ni kwamba kulikuwa na njama ya watu wa Stockholm kumuua mfalme, yeye aliijua na hakuripoti. Na aliijuaje? Mtu alikuja kuungama kwake.

Kesi ilifanyika Örebro, mji aliozaliwa. Na kwenye jopo la waliomhukumu alikaa Laurentius Petri, askofu mkuu wa kwanza wa Kilutheri wa Uswidi, ndugu yake wa damu, tumbo moja. Hukumu ikatoka kifo.

Mwalimu aliposema hilo la ndugu alinyamaza kidogo halafu akatuuliza, wewe ungekuwa Laurentius ungefanya nini, na wewe ungekuwa Olaus ungemtoa aliyeungama kwako? Watu waligawanyika vibaya. Mama mmoja Mkatoliki akasema kitubio ni kitubio, padri afe nacho. Mzee akasema kama damu inaenda kumwagika basi kuokoa nafsi kunatangulia. Yule kijana wakili akaanza na siri ya mteja na wakili wake. Mimi mwenyewe mpaka naandika hapa naona Olaus alifanya alichopaswa, manake siku ambayo watu wataogopa kuungama kwa sababu kasisi ni askari wa serikali, siku hiyo kanisa limekuwa ofisi nyingine tu. Lakini nawaelewa waliokataa. Wananchi wa Stockholm walichanga pesa nyingi kumkomboa, akasamehewa, na 1543 akawekwa kuwa kasisi mkuu wa jiji hilohilo. Alizikwa Storkyrkan.

Sa kwa nini nasema hili darasa ni la kweli. Manake lingeweza kuishia hapo. Mtu wa Mungu kaandika kanuni nzuri, kaonewa, kakombolewa, amina, twende tukanywe chai. Mwalimu hakuishia hapo. Wiki iliyofuata alikuja na mwaka 1608. Mwaka huo mfalme Karl wa tisa alichapisha sheria ya nchi na kuiongezea kama nyongeza vifungu vya Torati, Sheria ya Musa, zitumike kortini. Kufuru, uzinzi na makosa mengine, kifo. Waumini waleule, nchi ileile, kanisa lilelile la Kilutheri, miaka hamsini na kitu tu baada ya Olaus kufa, na sasa maandiko yenyewe yamekuwa panga. Pasta hakufurahi siku hiyo. Alisema Mwalimu anaichafua imani. Mwalimu akamwambia kwa upole kabisa, "Pasta, mimi ni Mkristo tangu nabatizwa Taita, na siyasemi haya kwa kuwachukia watu hao, nayasema kwa sababu walisoma Biblia ileile ninayoisoma mimi." Sikuwahi kumsikia mtu akitetea imani vizuri hivyo.

Halafu akaja na jambo la kukiri. Kwa miaka mingi Waswidi walikuwa wagumu sana kwenye ushahidi, kesi nzito ilihitaji mashahidi wawili ama mtu akiri mwenyewe, na hilo kwa upande mmoja ni zuri, halikurupuki kumuua mtu. Lakini pale dalili zilipokuwa nyingi na mtu hakiri, korti iliweza kumfungia ngomeni bila kikomo mpaka akiri, na makasisi wakawa wanakwenda kumshawishi. Akatuambia habari ya Metta Fock, mwanamke aliyeshtakiwa kumuua mumewe na watoto kwa sumu, akafungwa ngome ya Karlsten huko Marstrand. Hakuruhusiwa kalamu wala karatasi, akashona barua yake ya kujitetea kwa uzi kwenye vipande vya kitambaa. Mwishowe akakiri, na 1810 akauawa.

Unaona sasa uzi unavyokwenda? Olaus alihukumiwa kifo kwa sababu hakutoa ungamo la mtu. Baadaye nchi yake ikaligeuza ungamo lenyewe kuwa kazi ya jela, na kasisi akawa sehemu ya jela. Kitu ambacho kanisani ni mlango wa mtu kutoka na mzigo wake, kortini kikawa mlango wa kumfungia. Mwalimu hakulisema kwa maneno haya, alituwekea tu kesi moja baada ya nyingine na ni sisi tulioanza kuongea. Na ukitoka ukumbini hapo Fort Jesus haiko mbali, nayo ilikuwa jela kuanzia 1895 mpaka 1958, wazee wengine bado wanakumbuka, kwa hivyo habari ya ngome ya mawe kando ya bahari na mtu ndani haikuwa ngeni kwa yeyote pale.

Nimeondoka na nini? Kwamba imani ya mtu wa sheria inapimwa kwa kitu kimoja: inamtia hofu yeye mwenyewe aliye na kalamu ya hukumu, ama inawatia hofu wale walio mbele yake. Olaus anamwogopesha hakimu. 1608 inamwogopesha mshtakiwa. Na wote wanamtaja Mungu yuleyule. Hili nimelibeba mpaka kazini na linanisumbua, kwa maana nzuri, hata sisi makarani tuna vijihukumu vyetu, faili la nani liende juu, nani aambiwe arudi kesho, nani atabasamiwe kwa sababu ameacha kitu ndani ya bahasha.

Sa makosa, manake yapo na nayasema ili warekebishe.

La kwanza na kubwa ni kipindi cha mwisho. Kinakimbia mno. Marufuku ya Uswidi ya 1726 ya watu kukusanyika kwa maombi majumbani bila kasisi wa kanisa la serikali, iliyowaletea watu faini na jela na kufukuzwa nchini mpaka ilipoondolewa 1858, halafu uhuru kamili wa dini 1951, halafu kanisa na serikali kutengana mwaka 2000, yote haya kwa mchana mmoja! Hilo la 1726 peke yake ni somo zima, hasa hapa kwetu ambako maombi ya majumbani ni kila mtaa, kuanzia mtaa wetu wa Bangladesh hapa Mombasa mpaka Kisauni, na kila siku unasikia mtu anasema serikali iyadhibiti makanisa. Nilitaka kusikia Waswidi walipojaribu nini kiliwapata, kwa undani, na tukapewa dakika chache. Pia sisi ambao tuna jamaa Kisii tulitegemea aguse wamisheni wa Kiswidi waliofika Itierio 1948 na Kanisa la Kilutheri lililotokea hapo, manake hapo ndipo habari ya Uswidi inapoingia Kenya hasa, lakini alilitaja akiwa anakusanya karatasi zake.

La pili, Mwalimu ni mpole kupita kiasi kwa wasemaji. Kuna siku pasta aliongea mpaka tukaona jua linahama dirishani. Awekewe mtu wa kushika saa.

Karatasi za kanuni maandishi ni madogo mno, wazee walikuwa wanazishika mbali na uso na bado hawaoni. Feni ni mbili na moja inafanya kelele tu, na mchana wa Ganjoni mnaujua, njooni na nguo nyepesi na maji. Ukiwa unatoka ng'ambo ya Likoni toka mapema sana, Jumamosi feri haina adabu. Mwanzoni muda wa mapumziko uligongana na swala ya Alasiri lakini Mzee alipolisema lilirekebishwa siku ileile, na msikiti uko karibu, kwa hivyo ndugu Waislamu msisite kabisa, tena bila nyinyi mjadala ungekuwa nusu.

Cheti mnachopewa mwisho ni cha kuweka nyumbani, mawakili msidhani kitahesabika kwenye pointi zenu za mafunzo ya kila mwaka, Mwalimu mwenyewe anasema hivyo tangu mwanzo na hamdanganyi mtu.

Bei ni shilingi 2,000 kozi nzima, wanafunzi nusu, unalipa kwa M-Pesa ama taslimu mlangoni na risiti unapewa. Ndani ya hio kuna chai ya tangawizi na mahamri, na siku nyingine viazi karai vya yule mama wa nje ya geti ambavyo ukwaju wake sijui anaufanyaje. Hakuna anayefukuzwa kwa kukosa pesa, kuna kijana wa boda alikuwa anasikiliza dirishani, akaambiwa aingie na akapewa kiti na karatasi kama wengine, na ndiye aliyeuliza kama zile kanuni zinawahusu na askari wa barabarani.

Awamu nyingine inaanza mwezi ujao, bango jipya litakuwa palepale kwa watu wa fotokopi. Biblia si lazima, daftari lazima. Na Mwalimu kama wasoma hapa, tafadhali hicho kipindi cha mwisho kigawanye mara mbili, 1726 peke yake, wamisheni wa Itierio peke yake, hata ukiongeza mia mbili tutalipa.